Prince of Persia ya disketi: nataka ifufuke kwenye Windows 11 ikiwa na jina la dada yangu

MwanaChumbageni:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu, na naomba mnivumilie nikieleza kwa kirefu, maana ninachokitafuta si kucheza gemu tu.

Nina disketi nyeusi ya inchi 3.5 yenye Prince of Persia, ile ya DOS iliyotoka 1990. Lebo yake aliiandika dada yangu kwa peni ya bluu: PRINCE, USIFUTE. Tulikuwa tunaichezea nyumbani Chumbageni, Tanga, kwenye kompyuta ya 386 aliyoinunua baba ofisi yao ilipobadilisha mashine. Diski ngumu ilikuwa imeshakufa, kwa hiyo kila kitu kilitoka kwenye disketi. Unaingiza ya DOS, ukishaona A:\> unaitoa, unaweka hii, unaandika PRINCE, halafu unakaa unasikiliza ile krrr, krrr mpaka kasri litokee.

Kwa ambao hamkuicheza: Jaffar amemfungia binti mfalme, kampa saa moja aamue, ama aolewe naye ama afe. Wewe uko gerezani chini ya kasri na una dakika 60. Si dakika 60 kwa kila leveli, ni 60 kwa gemu zima. Ukitumbukia kwenye miiba unaanza leveli upya, lakini dakika zilizokwenda zimekwenda. Kuhifadhi kwa Ctrl+G hakukubali mpaka ufike leveli ya 3. Umeme ukikatika ukiwa leveli ya 2, umeanza upya kabisa, na umeme wa Tanga wakati ule mnaujua.

Mimi nilikuwa mtunza saa. Dada ndiye mwenye mikono. Alijua umbali wa kila shimo: hapa unaruka kwa kukimbia, hapa unashika Shift unasogea nyayo kwa nyayo mpaka vidole viguse ukingo ndipo unaruka. Ile mifupa ya leveli ya 3 haifi kwa upanga hata uipige vipi, yeye ndiye aliyegundua kwamba dawa yake ni kuisukuma mpaka idondoke. Leveli ya 8 mlango unakufungia ndani, unasimama hujui la kufanya, mara anakuja panya mweupe anakanyaga kibao na mlango unafunguka. Halafu leveli ya 12 kuna kile kivuli chako mwenyewe: ukimchoma, damu inayopungua ni yako. Tulikwama hapo siku nyingi. Dada akasema mwacheni, mimi simpigi tena. Akarudisha upanga alani, akamwendea, wakaungana wakawa mtu mmoja.

Alipomaliza gemu likamuuliza jina. Hakuandika jina lake, aliandika MALKIA WA TANGA. Tangu siku hiyo kila aliyewasha gemu na kuacha utangulizi uende mpaka mwisho, aliliona hilo jina.

Sasa dada yuko Mwanza, ana watoto watatu, na mwisho wa mwaka wanakuja wote Tanga. Nataka wanawe wamwone mama yao akicheza, na nataka jina litokee lile lile aliloliandika yeye, kutoka kwenye disketi hii. Mimi kuandika jipya naweza, lakini siyo hilo ninalolitaka.

Rafiki alinipa nakala ya PRINCE.EXE, nikaibonyeza kwenye laptop yangu ya Windows 11, ikakataa kabisa, eti programu hii haiwezi kutumika kwenye mashine yako. Disketi yenyewe sijaiingiza popote. Nimekisogeza kile kibati cha kuteleza kinachofunika diski nikamulika na tochi, naona madoa meupe madogo kwenye diski ya ndani. Majina yanakaa kwenye faili gani? Na nianzie wapi nisije nikaiua?

---

FundiNgamiani:

Mkuu, umefanya jambo la maana sana kutoiingiza popote. Endelea hivyo hivyo mpaka umalize kusoma hapa.

Hayo madoa meupe ni ukungu. Sisi watu wa pwani tunaujua, unyevu wetu unakula disketi zilizokaa kabatini. Kwenye disketi kichwa cha kusomea kinagusa diski yenyewe, kinapita juu yake kama sindano ya santuri. Ukungu ukiwepo, kichwa kinaukwangua pamoja na ile rangi ya kahawia yenye sumaku, na data yako ndiyo hiyo rangi. Mzunguko mmoja tu unaweza kuacha mstari unaong'aa ukaona plastiki tupu chini yake. Kisha kichwa chenyewe kinachafuka na kuharibu disketi itakayofuata.

Kwa hiyo kwanza usafi. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, siyo ile ya 70 ya kusafishia mikono, ile ina maji. Tafuta na vijiti vya pamba visivyomwaga nyuzi. Fungua kibati kwa kidole gumba, chovya pamba kidogo tu, iguse diski bila kukandamiza, na kwa mkono wa pili zungusha kile kitovu cha chuma kilicho upande wa chini. Pamba isimame, diski ndiyo izunguke. Badilisha kijiti kikianza kuwa na rangi. Ukiona rangi ya kahawia inatoka kwa wingi, acha hapo hapo, hiyo sio uchafu tena. Pande zote mbili. Kisha iache ikauke kibati kikiwa wazi.

Pili, kile kitufe kidogo cha pembeni nyuma ya disketi: kisogeze mpaka tundu liwe wazi, mwanga upite. Hapo mashine haiwezi kuandika chochote juu yake hata ikitaka.

Tatu, kifaa cha kusomea cha USB. Windows 11 bado inavitambua, na wauza vifaa vya kompyuta vya mtumba huwa navyo, ila kijaribu kwanza kwa disketi nyingine usiyoijali. Na hapa nisikilize vizuri: Windows ikikwambia disketi haijafomatiwa, je ungependa kuifomati, jibu ni HAPANA. Watu wamepoteza kumbukumbu za miaka kwa kubonyeza ndiyo kwenye dirisha hilo. Maana ya ujumbe ule ni kwamba imeshindwa kusoma sekta za mwanzo, yaani vile vipande vidogo ambamo disketi imegawanywa, ambako kuna orodha ya mafaili. Mafaili yenyewe yanaweza kuwa mazima kabisa huko mbele.

Mimi huwa siinakili faili moja moja. Nachukua picha ya disketi nzima mara moja, yaani nakala ya kila baiti ndani ya faili moja, halafu kazi yote naifanya kwenye picha, disketi inarudi kulala. Kwa Linux, ule mfumo mwingine badala ya Windows, hata ile unayoiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb malkia.img malkia.map

Hakikisha kwanza kifaa chako ni sdb kweli, usije ukasoma flashi. Hii programu inachukua kwanza sekta zote zinazosomeka kirahisi, ndipo inarudi kuzihangaikia zilizokataa. Disketi ya 1.44 ina sekta 2,880 za baiti 512 kila moja. Faili la majina linaitwa PRINCE.HOF na ni dogo mno, linaenea ndani ya sekta moja. Kwa hiyo hata disketi ikiwa na sehemu nyingi zilizokufa, wewe unaiombea sekta moja tu kati ya 2,880. Una nafasi nzuri.

Na kama orodha ya mafaili imekufa, bado usikate tamaa. Majina yameandikwa kwa herufi za kawaida, hayajafichwa. Itafute picha yote:

strings -t d malkia.img | grep MALKIA

Itakupa namba ya baiti ambako jina linaanzia. Ilete hapa.

---

Mkisauni:

Ndugu yangu, salaam kutoka Mombasa. Fundi amekushika mkono kwa disketi, mimi niseme kuhusu kwa nini Windows imekataa na njia niliyoitumia mimi.

PRINCE.EXE ni programu ya biti 16. Windows za biti 32 zilikuja na sehemu ndani yake ya kuzibeba programu za DOS. Windows za biti 64 hazina sehemu hiyo, kwa sababu prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 haina tena ile namna ya kujifanya mashine ya kale iliyokuwa ikitumika kwa kazi hiyo. Na Windows 11 haina toleo la biti 32 hata kidogo. Kwa hivyo usipoteze muda na zile mipangilio za "endesha kama Windows XP". Hazikusaidii hapa.

Dawa ni DOSBox, ambayo ni emuleta: inaigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya dirisha, prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti, zote. Ni ya bure. Weka mafaili ya gemu kwenye folda, kwa mfano C:\gemu\prince, fungua DOSBox, andika:

mount c c:\gemu
c:
cd prince
prince

Basi. Alt+Enter inajaza skrini. Ikikwama kwama, Ctrl+F12 inaongeza kasi na Ctrl+F11 inapunguza.

Sasa kuna jambo moja ambalo nalipigania kila mara na watu hawalitilii maanani. Gemu hili lilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, lakini lilionekana kwenye monita za nne kwa tatu. Yaani kila pikseli ilisimama, ilikuwa ndefu kidogo kuliko upana wake. Ukiliweka kwenye skrini ya leo bila kusahihisha, mwana mfalme anakuwa mfupi na mnene. Wengi hucheza hivyo na kusema mbona nakumbuka alikuwa mwembamba. Alikuwa mwembamba! Yule kijana ni mtu wa kweli: Jordan Mechner, aliyelitunga gemu, alimpiga picha za video mdogo wake David mwaka 1985 akikimbia na kuruka amevaa nguo nyeupe, kisha akaufuata mwendo wake picha kwa picha. Ndiyo maana mpaka leo mkimbio ule unaushangaa. Ukimbana unaharibu kazi ya miaka. Kwenye faili la mipangilio la DOSBox tafuta aspect uweke true.

La mwisho, sauti. Je, 386 yenu ilikuwa na kadi ya sauti, au ni ile spika ndogo ya ndani ya kasha? Kama ni spika, dada yako hajawahi kusikia muziki wa kadi ya Sound Blaster. Atadhani umemletea gemu jengine. Andika prince stdsnd badala ya prince peke yake, itapiga kwa zile filimbi za spika.

---

BintiNgambo_Muscat:

Assalamu alaykum nyote. Kaka MwanaChumbageni, mie ni Mzanzibari, nafanya kazi ya programu hapa Muscat, na hili gemu nalipenda kupita kiasi, kwa hivyo nitasema mengi.

DOSBox anayoisema kaka wa Kisauni ni nzuri na haina makosa. Lakini kwa haja yako, mie nakushauri SDLPoP. Hii si emuleta. Mtu mmoja, David Nagy, aliifumua programu ya DOS amri moja baada ya moja mpaka akaielewa yote, akaiandika upya kwa lugha ya C, na wengine wakaja kumsaidia. Matokeo yake ni Prince of Persia ile ile inayoendeshwa moja kwa moja na Windows, Linux au Mac ya leo, bila mashine ya kuigiza katikati. Kwa sababu imetoka tumboni mwa ile ya DOS, tabia zake ni zile zile: mapigo 12 kwa sekunde wakati wa kutembea, walinzi wenye akili ile ile, hata makosa madogo ya zamani yapo. Na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

Mie niliusoma. Kipande cha kivuli kinanisisimua mpaka leo, kaka, kwa kuwa wewe umekitaja. Mechner aliandika gemu hili kwanza kwa kompyuta ya Apple II, likatoka 1989, na kumbukumbu ya mashine ile ilikwisha kabisa. Hakukuwa na nafasi ya kuchora adui mwengine hata mmoja. Basi akaichukua picha ya mwana mfalme mwenyewe, akaisogeza biti moja na kuigonganisha na asili yake. Palipofanana pakatoweka, palipotofautiana pakabaki pakimeremeta. Ndipo akazaliwa yule mtu wa kivuli, anayetoka kwenye kioo leveli ya 4, akakunywia dawa yako leveli ya 5, akakufungia mlango leveli ya 6 ukaporomoka. Dada yako alipata jibu sahihi la leveli ya 12 kwa sababu ni kweli kabisa: yule ni yeye, hata kwa biti.

Msimbo wa Apple ulipotea kwa miaka mingi. Mwaka 2012 baba yake Mechner aliokota kisanduku cha disketi za inchi 3.5 nyumbani kwake, kumbe ndizo. Wakasaidiana na Jason Scott na Tony Diaz, wajuzi wa mashine hizo, wakazisoma, na Mechner akauweka hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo wa programu, Aprili ya mwaka ule ule. Disketi za zaidi ya miaka 20 zilisomeka. Usivunjike moyo na yako.

Neno moja la haki: kuonesha msimbo si kuligawa gemu. Mechner mwenyewe alieleza kwamba haki ya kutengeneza na kusambaza magemu ya Prince of Persia ni ya kampuni ya Ubisoft. Wewe unafufua nakala ya nyumbani kwenu, chezeni kwa raha zenu, ila usije ukaanza kuuza kwenye flashi.

Sasa kazi. Ukishapakua SDLPoP, ndani ya folda yake weka PRINCE.HOF yako. Umbo la faili halikubadilishwa. Mie nililitia la kwangu la DOS na majina yakatokea mwishoni mwa utangulizi, na dakika zao. Ukiwa na PRINCE.SAV nayo itie, Ctrl+L italifungua.

Kisha fungua SDLPoP.ini kwa Notepad, ubadilishe haya:

use_correct_aspect_ratio = true, ili kaka wa Kisauni alale usingizi.

use_fixes_and_enhancements = false. Hili nalisisitiza. Marekebisho waliyoyatia ni mazuri kwa mchezaji mpya, lakini mikono ya dada yako imejifunza gemu lenye makosa yake. Akiruka mahali alipozoea kuruka, akakuta ukuta hauruhusu tena, atahisi kitu hakiko sawa na hataweza kukwambia ni kitu gani.

start_minutes_left iache 60. Watoto watakulilia uongeze. Kataa. Bila ya ile saa hakuna gemu.

Kuna na F6 ya kuhifadhi papo hapo na F9 ya kurudi, wape watoto watumie wakijifunza. Na stdsnd ya spika inafanya kazi huku pia.

Ile sehemu ya vichupa vya herufi baada ya leveli ya 1, ambapo ulikuwa ukiulizwa herufi ya kwanza ya neno fulani kwenye kitabu cha maelezo ya gemu na ukinywa kichupa siyo unapungukiwa uhai, humu imezimwa. Ukiitaka irudi, enable_copyprot iweke true, ila uwe na kitabu.

---

MwanaChumbageni:

Wakuu, nimerudi. Fundi, asante sana. Nimesafisha kama ulivyoelekeza, pamba ya kwanza ilitoka na kitu cheupe cheupe, za mwisho zikatoka safi. Kahawia ilitoka kidogo sana upande wa chini.

Windows ilisema vile vile ulivyosema: haijafomatiwa, niifomati? Nikaichomoa. Nikawasha Linux kwenye flashi, ddrescue ikaenda vizuri ikawa inakwama, ikaendelea. Mwisho kuna sekta zilizokataa kabisa, nyingi zikiwa mwanzoni, na nyingine katikati.

Halafu nikaandika ile amri ya kutafuta. Imetoa mstari mmoja:

715778 MALKIA WA TANGA

Nimekaa naiangalia hiyo skrini. Sijafanya kitu kingine. Nifanyeje sasa nisiiharibu?

Mkisauni, ni spika ya ndani kaka. Hatukuwa na kadi. Asante kwa kuuliza, nisingelikumbuka hilo. Dada BintiNgambo, kitabu tulikuwa na kurasa za fotokopi tu na zimeshapotea, acha vichupa vizimwe. Kuhusu saa nimekuelewa, haitaongezwa hata dakika.

---

FundiNgamiani:

Hongera mkuu! Sasa fuata hesabu hii, ni tamu.

715,778 gawanya kwa 512 unapata sekta ya 1,398 na baki 2. Faili siku zote linaanza mwanzo wa sekta, kwa hiyo PRINCE.HOF yako inaanza baiti ya 715,776. Baiti 2 za kwanza zinasema kuna majina mangapi, halafu jina la kwanza linafuata hapo hapo. Baki lako ni 2. Maana yake dada yuko namba moja. Gemu linapanga kwa aliyebakiza muda mwingi zaidi, kwa hiyo hakuna aliyemshinda kwenye mashine ile.

Kila aliyemaliza ana baiti 29: jina 25, dakika 2, na vipande vya dakika 2. Nafasi ni za watu 6. Jumla 176 ukijumlisha zile mbili za mwanzo. Likate hivi:

dd if=malkia.img of=PRINCE.HOF bs=1 skip=715776 count=176

Amri hii inasoma tu picha, haiigusi. Kama sekta hiyo haimo kwenye zile zilizokataa, na kwa kuwa jina limetoka basi haimo, faili lako ni zima baiti kwa baiti. Kama kulikuwa na wengine waliomaliza, jina la pili litakuwa baiti ya 715,807 na la tatu 715,836.

Mafaili mengine ya gemu usijisumbue kuyaokoa, hayo ni sawa na ya nakala nyingine yoyote. La kwenu peke yenu ni hili la baiti 176. Ukilipata, liweke sehemu tatu tofauti, na ile malkia.img uiweke pamoja nalo.

---

MwanaChumbageni:

Limekubali. SDLPoP, Windows 11, spika ya filimbi, mwana mfalme mwembamba. Nimeacha utangulizi uende wenyewe mpaka mwisho bila kugusa kitu.

MALKIA WA TANGA, 3:41.

Chini yake kuna jina la mtoto wa jirani wa nyumba ya pili, 0:52, huyu nilikuwa nimemsahau kabisa kwamba naye alimaliza. Nimempigia simu, anafanya kazi bandarini, amepiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Anakuja naye.

Wakuu, swali la mwisho. Nikipigana na mlinzi mnene wa leveli ya 6, ghafla gemu linajificha na Windows inaleta dirisha lake katikati ya pambano. Nikirudi nimeshachomwa. Hii ni nini?

---

Mkisauni:

Hiyo ni Sticky Keys, ndugu yangu. Windows ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo inadhani unataka usaidizi wa kibodi, na kwenye gemu hili Shift ndiyo upanga. Nenda Settings, Accessibility, Keyboard, izime, na ndani yake kuna swichi ya ile njia ya mkato ya Shift, hiyo ndiyo muhimu zaidi.

Na ukiweza mtafutie dada kibodi kubwa ya USB. Vile vishale vya laptop, cha juu na cha chini vimebanwa nusu nusu, na cha juu ndicho cha kuruka na cha kukinga upanga. Kwenye 386 alizoea vishale vya ukubwa kamili.

---

BintiNgambo_Muscat:

Maashallah, nimefurahi mno. Kaka, kabla hajaja, nakili ile PRINCE.HOF pembeni kisha ujaribu kumaliza gemu mara moja wewe mwenyewe uone linaandika vipi, halafu uirudishe ya asili. Akimaliza yeye mbele ya wanawe, jina jipya litaingia kwenye faili hilo hilo, chini ya lile la zamani au juu yake. Nafasi zimebaki 4.